Solidago ya pwani: ua la manjano linalosingiziwa mafua ya Septemba

Agosti ikianza kwisha, makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Marekani na Kanada hujaa malalamiko yaleyale. Macho yanawasha, pua inachuruzika, mtu anapiga chafya mfululizo hadi chai inapoa. Hapo hakosekani wa kutuma picha ya mmea mrefu wenye maua ya manjano yaliyoshonana, aliyoipiga ufukweni au kando ya barabara kuu, na chini yake ameandika kwamba huyu ndiye adui. Mmoja anashauri ung'olewe. Mwingine anasema aliambiwa ni dawa ya figo. Wa tatu anauliza kama mbegu zake haziwezi kupelekwa Bagamoyo au Kilifi zikazuie bahari kula fukwe.

Picha moja, hoja tatu, na karibu zote zimechanganya mimea. Kabla ya kuhukumu, tujue kwanza ni mmea upi unaozungumzwa.

Solidago ni jina la jenasi, yaani kundi la mimea iliyo karibu sana kinasaba. Kundi hili lina aina zaidi ya mia moja, na nyingi mno asili yake ni Amerika Kaskazini. Kwa Kiingereza zote huitwa goldenrod, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu jina hilo moja linabeba mimea ya misituni, ya mbugani, ya mabondeni na ya pwani. Ukoo wake ni mkubwa na unaufahamu hata kama hujawahi kuvuka bahari: alizeti yumo, pareto ya Njombe na Nakuru yumo, na kishonanguo anayeng'ang'ania suruali shambani naye yumo. Sifa ya ukoo huu ni kwamba unachokiona kama ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi vilivyobanana kwenye kitako kimoja. Kwa alizeti mkusanyiko huo hufikia ukubwa wa sahani. Kwa solidago ni wa milimita chache tu, lakini shina moja hubeba mamia yake, ndiyo maana kwa mbali unaona shada zima limewaka manjano.

Solidago ya pwani ni aina moja tu kati ya hizo. Kitaalamu ni Solidago sempervirens, jina ililopewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753. Huweza kufika urefu wa mita mbili, ingawa penye upepo mkali huishia kiunoni au chini zaidi. Kinachoitofautisha na ndugu zake ni majani. Ya kwake ni manene, laini, yenye kushika maji, na kingo zake hazina meno. Solidago nyingi za bara zina majani membamba, makavu, mara nyingi yenye vinyweleo na meno kama ya msumeno. Ukiwa umesimama mbele ya mmea na hujui ni upi, usitazame ua, shika jani.

Inaota wapi? Makao yake ya asili ni ukanda mwembamba unaofuata bahari ya Atlantiki. Kaskazini huanzia mwambao wa Newfoundland na mdomo wa mto St. Lawrence huko Kanada, ukashuka Nova Scotia, Maine, Massachusetts, New York, New Jersey, Maryland, Virginia, Carolina zote mbili hadi Florida. Kusini zaidi, kuzunguka Ghuba ya Meksiko, kuna umbo lenye majani membamba zaidi ambalo wataalamu wengine huliona kuwa aina ndogo ya mmea huuhuu, na wengine huliita aina inayojitegemea, Solidago mexicana. Visiwa vya Bermuda pia unao. Kwa hiyo Mkongo anayeishi Portland, Maine, Mkenya wa Jersey City na Mtanzania wa Baltimore wote wanaweza kuufikia kwa mwendo mfupi wa gari, maadamu wameelekea baharini.

Ndani ya ukanda huo haujiotei popote tu. Kwenye fukwe za mchanga utaukuta juu ya matuta, nyuma kidogo ya nyasi ndefu za ufukweni ambazo ndizo za kwanza kushika mchanga unaopeperushwa. Kwenye mabwawa ya chumvi hukaa ukingoni juu, pale maji yanapofika wakati wa bamvua au dhoruba lakini hayatuami. Maine na Nova Scotia, ambako pwani ni majabali, hujipenyeza kwenye nyufa zenye udongo kiasi cha konzi moja. Mahali pa kuuona kwa urahisi ni Cape Cod, Jamaica Bay ndani ya jiji la New York, Cape May kule New Jersey, na kisiwa cha Assateague kilichogawanywa kati ya Maryland na Virginia. Huanza kuchanua Agosti na kuendelea mpaka Oktoba, kusini hata Novemba, wakati maua mengi ya pwani yameshanyauka.

Sasa, watu wengi wakiona mmea unastawi kwenye chumvi hudhani unaihitaji chumvi. Sivyo. Chukua mbegu ya solidago ya pwani, ipande kwenye udongo wa kawaida wa bustani, itaota na kunenepa vizuri tu. Kinachoiweka ufukweni ni ushindani. Kwenye udongo mzuri wa bara kuna mimea mingine mirefu, yenye haraka, inayoinyima mwanga. Pale kwenye matuta wapinzani hao hawawezi kuishi, kwa sababu matone ya maji ya bahari yanayorushwa na upepo huunguza majani yao, nayo chumvi ardhini hufanya mizizi ishindwe kunyonya maji hata kama yapo. Solidago ya pwani ina ngozi ya nta juu ya jani inayopunguza chumvi kuingia, ina akiba ya maji ndani ya jani lile nene, na ina shina nene la chini ya ardhi linalochipua tena mwaka unaofuata hata sehemu ya juu ikiharibika. Huvumilia pia kufukiwa na mchanga kwa kiasi. Inaishi pale kwa sababu wengine wameshindwa kuishi pale.

Hilo likieleweka, jambo jingine linalowashangaza watu linajieleza lenyewe. Mmea huu wa pwani siku hizi unaonekana Michigan, Illinois na Ontario, mamia ya kilomita kutoka baharini. Haukupandwa na mtu. Kila msimu wa baridi, serikali za majimbo na miji ya huko humwaga mamilioni ya tani za chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Theluji inapoyeyuka, maji yale ya chumvi hutiririkia kwenye nyasi za kando ya barabara na kuziua. Hubaki ukanda mwembamba wa udongo wenye chumvi, usio na mpinzani, unaonyooka kutoka mwambao hadi katikati ya nchi. Mbegu za solidago zina manyoya mepesi, hupeperushwa na upepo, upepo wa malori ukiwemo. Mmea ulichofanya ni kufuata barabara. Ndiyo sababu dereva wa lori anaweza kuapa kwamba aliuona karibu na Detroit, na mvuvi akaapa kwamba ni mmea wa ufukweni, na wote wawili wakawa wakweli.

Turudi kwenye mashtaka ya mafua. Yanayotajwa hapa si mafua ya virusi. Ni mzio, au aleji kama wengi wanavyosema: kinga ya mwili kukosea na kukichukulia kitu kisicho na madhara kana kwamba ni adui. Katika mzio huu kitu chenyewe ni chavua, zile punje ndogo za kiume ambazo ua hutoa ili kurutubisha ua jingine. Na chavua husafiri kwa njia mbili kuu. Kuna mimea inayotegemea wadudu waibebe, na kuna inayoutegemea upepo.

Tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe. Mmea unaotegemea wadudu hutengeneza chavua nzito, yenye kunata, ili ishikamane na miguu ya nyuki, na hujipamba kwa rangi na nekta ili nyuki aje. Mmea unaotegemea upepo hauna haja ya pambo, kwa kuwa upepo hauna macho. Wenyewe hutoa chavua kavu, nyepesi, nyingi kupita kiasi, kwa matumaini kwamba punje moja kati ya mamilioni itaangukia mahali pake. Ya kwanza ni kama donge la ugali, ya pili ni kama vumbi la unga linaloelea ndani ya mashine ya kusaga: ni lile vumbi, si donge, linalokuingia puani.

Solidago ni ya donge. Ua lake la manjano lenyewe ni ushahidi kwamba linamtafuta nyuki. Ukilipitia kwa hatua mbili tatu, chavua yake haikufikii.

Mhalifu halisi ni mmea uitwao ambrosia, kwa Kiingereza ragweed, hasa aina ya Ambrosia artemisiifolia. Huo nao huchanua kuanzia katikati ya Agosti na kufikia kilele karibu na katikati ya Septemba, wiki zilezile solidago inapong'aa. Lakini maua yake ni ya kijani, madogo, yanayoning'inia kichwa chini kwenye vishada, na mtu asiyeyatafuta hayaoni. Mmea mmoja unaweza kutoa punje za chavua zinazokaribia bilioni moja kwa msimu. Kila punje ina upana wa takriban mikroni 20, maana yake punje 50 zikipangwa mstari zinafika milimita moja. Chavua yake imewahi kunaswa baharini mamia ya kilomita kutoka nchi kavu. Kwa hiyo hata ukihama mtaa bado inakufikia.

Na mimea hii miwili hupenda kuota jirani, kando ya barabara, kwenye viwanja visivyojengwa, kwenye udongo uliovurugwa. Mtu anapiga chafya, anatazama pembeni, anaona manjano. Kilichoiponza solidago ni rangi yake.

Yale manyoya ya solidago yanayoruka Oktoba nayo yamechangia. Watu huyaona yakielea na kusema ile ndiyo chavua. Yale ni mbegu. Chavua ya kukuumiza huioni kwa macho, kwa hiyo chochote unachokiona kikielea hewani na kukikwepa si hicho.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1872 daktari Morrill Wyman wa Cambridge, Massachusetts, alichapisha kitabu juu ya ugonjwa huu wa majira ya vuli, ambao yeye mwenyewe ulikuwa ukimtesa. Alikuwa ameona kwamba akipanda kwenye milima ya White Mountains kule New Hampshire dalili humwisha. Akiwa hukohuko mlimani, salama kabisa, aliinusa ambrosia iliyoletwa kutoka kwao Cambridge, na dalili zikamrudia. Mwaka uliofuata, 1873, Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, alichapisha majaribio yake yanayoonyesha kwamba chavua, hasa ya nyasi, ndiyo inayoleta homa ya namna hiyo. Imepita karne moja na nusu, na picha za solidago bado zinazungushwa kwenye simu kama picha za mtuhumiwa anayetafutwa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna swali ninaloona linawasumbua wageni kuliko suala la ua. "Miaka mitatu ya mwanzo sikuwa na shida yoyote, iweje leo?" Mwili haupati mzio siku ya kwanza. Kwanza lazima ukutane na chavua hiyo, kinga iitambue vibaya na kutengeneza kingamwili za aina maalumu dhidi yake. Kingamwili hizo hujipachika kwenye seli fulani za puani, machoni na kooni, zikasubiri. Chavua ikirudi tena, seli hizo humwaga kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo inayowasha, inayovimbisha na kuchuruzisha. Hatua ya kwanza ni ya kimyakimya na yaweza kuchukua msimu mmoja au misimu kadhaa. Ambrosia ya Amerika mwili uliokulia Bukavu au Tanga haujawahi kuiona, kwa hiyo mtu huanza kuugua baada ya miaka, akadhani amerogwa, au hali ya hewa imebadilika, au ni ile solidago mpya iliyoota karibu na maegesho. Imani kwamba Mwafrika hapati aleji za maua nayo inaishia hapohapo.

Dalili nyingine inayowachanganya watu: ndizi mbivu au tikiti maji kuanza kuwasha mdomo na koo. Baadhi ya protini zilizomo ndani ya matunda hayo zinafanana na za chavua ya ambrosia, na kinga ya mwili inazichanganya. Tango pia limo kwenye orodha. Mara nyingi muwasho huo hupita wenyewe, ila kama midomo inavimba au pumzi inabana, hilo ni la kwenda hospitali haraka. Vinginevyo, daktari wa mzio anaweza kupima kwa kuchoma ngozi kidogo na matone ya chavua mbalimbali, ukajua kwa hakika ni mmea gani badala ya kubahatisha kwa picha.

Dawa za kuzuia histamini hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa kabla msimu haujapamba moto. Vidonge vya zamani kama klofeniramini, ile ambayo wengi nyumbani huijua kama piriton, huleta usingizi. Wengi wetu huku ni madereva au wafanyakazi wa zamu za usiku maghalani, kwa hiyo muulize mfamasia akupe za kizazi kipya. Ambrosia humwaga chavua zaidi kuanzia asubuhi kuelekea adhuhuri, basi saa hizo madirisha yafungwe. Nywele za kusuka hushika chavua na kuihamishia kwenye mto wa kulalia. Kitambaa kichwani ukitoka nje husaidia, na kuoga kabla ya kulala husaidia zaidi.

Je, solidago haina hatia hata kidogo? Ina kidogo. Wauza maua wanaoishika kila siku huweza kupata vipele vya ngozi, na kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na ambrosia, mtu mwenye mzio mkali akisogeza pua kwenye ua lenyewe au akinywa chai yake anaweza kudhurika. Hili linagusa wale wa dawa ya figo. Solidago inayotumika tangu zamani Ulaya kwa matatizo ya njia ya mkojo ni nyingine, Solidago virgaurea, na kuchuma ile ya ufukweni ukaichemsha ni kubahatisha. Isitoshe, kwenye fukwe nyingi za Marekani kukanyaga matuta au kung'oa mimea yake ni kosa la kulipa faini, kwa sababu mizizi hiyo ndiyo inayoyashikilia matuta yanayokinga nyumba zilizo nyuma. Tangu kimbunga Sandy kilipopiga New Jersey tarehe 29 Oktoba 2012, watu wa pwani ile hawana utani na matuta yao.

Kuna mwingine atakayekosa chakula ukiing'oa. Kila Septemba na Oktoba vipepeo wakubwa wa rangi ya chungwa wenye mishipa myeusi hushuka kwa maelfu kufuata pwani hiyo, wakitoka Kanada na kaskazini mwa Marekani kwenda kukaa msimu wa baridi kwenye misitu ya milimani ya Michoacán, Meksiko. Cape May ni kituo chao maarufu. Wakati huo maua yenye nekta ufukweni ni machache, na solidago ya pwani ndiyo kantini kuu. Viwavi wa kipepeo huyo hawali solidago, wao hutegemea mmea mwingine kabisa wenye utomvu mweupe, lakini bila mafuta ya safari yanayotokana na nekta ya vuli, mzazi hafiki. Nyuki nao hujaza mizinga hapo, na wafugaji wa huko hukiri kwamba asali ya solidago ikiwa bado mzingani hunuka kama soksi. Ladha yake hata hivyo haina kasoro. (Kula asali hiyo ili upone mzio ni hadithi nyingine isiyo na mashiko: nyuki huleta chavua nzito ya solidago, na wewe unaumwa na nyepesi ya ambrosia.)

Hata mvumbuzi Thomas Edison aliitilia maanani jenasi hii. Mwaka 1927 yeye, Henry Ford wa magari na Harvey Firestone wa matairi walianzisha kampuni ya utafiti kule Fort Myers, Florida, wakitafuta mmea wa Marekani unaoweza kutoa mpira. Baada ya kupima maelfu ya mimea, Edison aliichagua solidago. Mpira ulipatikana, lakini haukuwa bora wala rahisi kiasi cha kuushinda ule wa miti ya Asia.

Limebaki swali la kupeleka mbegu nyumbani. Nia ni njema, jibu ni hapana. Solidago canadensis, ndugu wa bara wa mmea huu, ilipelekwa Ulaya na China kama pambo la bustani. Leo ni gugu linalofunika mashamba na kingo za reli. Ambrosia yenyewe imevamia Hungaria, kaskazini mwa Italia na bonde la mto Rhône huko Ufaransa, na imewapa watu mafua ambayo mababu zao hawakuyajua. Kwetu hatuna haja ya mfano wa mbali: gugu karoti lililoenea Arusha na sehemu za Kenya na Uganda ni jamaa wa karibu wa ambrosia, limetoka mabara ya Amerika, na huwasha ngozi na kubana vifua vya wakulima. Majani yao hata yanafanana, yamechanikachanika vilevile. Sheria za Kenya na Tanzania zinamtaka mtu apate kibali cha afya ya mimea kabla ya kuingiza mbegu, na kipakiti mfukoni hakina msamaha.

Ufukwe wa Bagamoyo au Kilifi unaomomonyoka una mimea yake. Kuna mmea utambaao wenye maua ya zambarau na majani yenye umbo la kwato, unaotandaza kamba zake mchangani kuanzia Lamu hadi Mtwara. Kuna mikoko penye matope. Na kwenye vichaka vya nyuma ya mchanga, katika fukwe nyingi za Bahari ya Hindi, kuna Wollastonia biflora, yenye maua ya manjano, inayovumilia chumvi, ya ukoo uleule wa alizeti na solidago.